Sheria Yenye Nilitungia Baoru

Hapana, muchezo haina kosa. Mama anasema muchezo njo iliniharibu kichwa, ati ile mambo ya kujifanya mutu ya nyota ingine iliniingizia roho mubaya, na leo kisha misa alienda kuomba bamama ba kikundi ya sala bakuje kuniwekea mikono. Bakuje tu. Sitabafungia mulango. Lakini nataka iandikwe fasi moja, mu hii cahier, daftari yangu ya mupya, kama hakuna roho yenye ilisema ile siku mu salon yetu. Ni mimi nilisema. Nilikuwa nimeikala ku kiti ya plastiki, nilikuwa nimekula, kichwa yangu ilikuwa sawa, na nilisema muzuri sana, mupaka baba mukubwa alitikisa kichwa na kusema: "Huyu mutoto anaona mbali."

"Unafanya mama yako analia mbele ya batu," mama aliniambia ku mulango ya kanisa.

"Mama, unalia ju ya muchezo ao ju ya Yaya?"

"Njo ile! Njo ile kinywa! Mbele ile makaratasi ikuje, haukukuwa na ile kinywa."

Nilikuwa nayo. Alisahau tu.

Niseme kwanza muchezo yenyewe, ju batu ba mutaa yetu, huku Kimemi, banafikiri ni karata ao ni uchawi. Cousin yangu, mutoto ya baba mukubwa, alisoma informatique, na eko na kanyumba ka photocopie pembeni ya barabara. Siku ya yenga, kisha misa, anafunga mulango ya mbele, tunaingia kwa mulango ya nyuma, tunaikala kati ya machine na makarton ya karatasi. Tuko batatu: yeye, mimi, na rafiki yangu mwenye tulijuana tangu utoto kule Beni na tulimaliza naye secondaire. Baba ya rafiki eko na camions zenye zinaendaka Beni na Kasindi. Kwabo ni Baislamu, siku ya yenga haina misa kwake, donc yeye njo anafikaka wa kwanza na anatungojea na matusi.

Cousin eko maître ya muchezo. Yeye njo anaelezea dunia: huku kuko mulima, huku kuko mutu na silaha, huku mvua inanyesha. Sisi kila mumoja anashika mutu wake wa kutunga. Unasema mutu wako anafanya nini, kisha unatupa dé, ile ya ludo tu, dé inasema kama imewezekana. Njo ile tu. Mama aliniuliza mara moja: "Kisha nani anashinda?" Nikamujibu hakuna mwenye anashinda. "Donc munapoteza tu saa," alisema. Ile siku alikuwa anacheka bado.

Muchezo yenyewe inatoka mu kitabu ya Kifaransa yenye cousin alipata mu téléphone ya mutu. Kitabu haiko muzima. Makurasa mingi haikufika. Ndani muko mataifa ya mu nyota mbalimbali, na unachagua taifa ya mutu wako. Rafiki alichagua binadamu, docteur wa kike mwenye anatembea na sanduku ya dawa. Mimi nilichagua Baoru, kwanza ju hakuna mwenye alibataka, kisha ju ukurasa yabo ilikuwa imekatika.

Baoru ni barefu, ngozi yabo inafanana na magome ya muti yenye imelowana. Habasemaka bongo, hata ya kidogo. Mu kila nyumba batu yabo banasimama mu mustari, wa kwanza kuzaliwa mbele, kisha wa pili, kisha wa tatu, na nafasi yako mu mustari njo jina yako. Wakati ya kula, mudogo kabisa njo anaanza, mukubwa anakula ya mwisho. Banapendana sana. Na mu dunia yabo kuko bitu vyenye vinaitwa Bachukuaji, vinakuja mu ukungu, vinakamata mutu, vinaenda naye. Kisha kitabu iliandika: "Mumoja wao akikamatwa, bao." Ni pale iliishia. Hata nukta hapana. Ukurasa yenye ilifuata ilikuwa ya ramani.

"Bao nini?" nilimuuliza cousin.

"Sijue. Weye njo Oru. Maliza."

Nilipeleka ile neno nyumbani. Siku ine nilikuwa nayo. Nilienda nayo ku kisima, nilifula nayo bikwembe. Kisha niliandika mu cahier sheria yenyewe, na nilijisikia na akili sana, ju nilifikiri nimetunga kitu.

Sikutunga kitu.

Mbele ya kuhamia Butembo tulikuwa tunaikala Beni, mu Mulekera. Yaya, dada yangu, njo binti wa kwanza, mimi njo wa pili. Kwetu Banande jina inaonesha ulizaliwa wa ngapi: wa kwanza eko na jina yake, wa pili yake, huwezi kukosa. Na mama anaitwaka kwa jina ya mutoto wa kwanza, Mama Fulani. Mu avenue yote balikuwa banamuita kwa jina ya Yaya. Kisha Yaya alienda Mutwanga kwa koko, bibi yetu, ku wakati ya kakao, kumusaidia kuvuna, na bale ba pori, batu ba silaha, baliingia mu shamba saa ine ya asubui, jua iko inawaka. Koko alilala chini mu majani, hawakumuona. Yaya na benzake batano balikamatwa, balipelekwa mu pori.

Miezi ya kwanza, mutu akiita mama kwa ile jina, mama anaikala chini. Pale pale, mu njia, na beseni ku kichwa. Donc batu balianza kuacha. Balinyamaza kwanza, banamuita "Mama" tu. Kisha, sijue nani alianza, balimuita kwa jina yangu. Hapa Butembo tulipofika, mu avenue yetu ya mupya hakuna mwenye aliwahi kusikia ile ingine. Nililala mu kitanda ya Yaya ju mvua ilikuwa inaingia upande yangu. Nilivaa kikwembe yake ya bleu ku harusi moja, kisha ku ingine. Bageni bakikuja, baba anasema: "Huyu njo mukubwa." Na mimi ninaleta mayi ya kunawa na ninaitika.

Njo yenye niliandika ya Baoru. Mumoja wao akikamatwa, mustari inajifunga. Benye kuwa nyuma yake banapanda, kila mutu nafasi moja, na jina pia banapanda nayo. Habamutafuti. Na akirudi, ju Bachukuaji banajuaka kumurudisha mutu na kufuata harufu yake mupaka kwabo, hafunguliwe. Banamuwekea chakula inje ya ukuta, siku moja tu, na mwenye alipanda ku nafasi yake njo anapika ile chakula. Anamupelekea akirudi kinyumenyume, asimuone sura. Kisha mwenye alirudi anaenda. Hakuna fasi mu mustari. Si chuki, niliandika. Niliweka mustari chini ya ile neno mara mbili.

Rafiki alisoma mu cahier na kunirudishia na vidole mbili, sawa mutu anashika kitambaa chafu.

"Wallahi, batu bako beko na roho ya mawe."

"Habana roho ya mawe. Banalia."

"Banalia wakifunga mulango! Hata mamba inaliaka."

"Weye unasema vile ju hauna mulango. Kwenu kuko camions. Ikikuwa mubaya, munapanda camion."

Ile ilimuumiza, niliona. Cousin alipiga meza: "Bon, bon, tucheze."

Cousin eko mutu muzuri lakini anapenda kuona kitu ikipasuka. Ile siku aliweka hivi: ni asubui, ukungu iko, mwenye kulinda ukuta anaita. Ku mulango kuko mwanamuke wa Baoru. Ni wa kwanza wa nyumba yangu, mwenye alichukuliwa, mavuno nane imepita. Eko anasimama kwa miguu yake. Eko na kitu chini ya nguo.

"Unafanya nini?" cousin aliniuliza.

"Mimi ninafungua!" rafiki alisema. Docteur wake alikuwa mugeni kwetu.

"Haiko mulango yako," nilimuambia. "Usifungue."

Tulifanya siku ya yenga tatu ku ile mulango. Sijawahi kupenda kitu sawa nilipenda zile siku tatu. Docteur alileta sababu zote: ni dada yako, eko na baridi, mutapima damu yake, mutamuweka mu chumba ya peke, mutamulinda. Mimi nilijibu kila moja. Nilisema nyuma yangu kuko batoto kumi na mbili ba mustari, na mimi sina haki ya kuwaweka ku dé. Nilisema mwenye anafungua ju ya upendo wa mumoja anasahau upendo ya bale bengine, ju bao habalie ku mulango. Nilisema: "Ni ju ninamupenda njo ninasema hivi." Sauti yangu ilitetemeka kidogo na sikuilazimisha. Mutu wa photocopie ya jirani alifika kuchungulia ku dirisha, akabaki pale anasikiliza. Mwisho Oru wangu alipika chakula, akaipeleka kinyumenyume, akarudi. Cousin alisema: "Uko nguvu, weye. Hakuna mwenye anaweza kucheza hivyo."

Rafiki alikuwa anafunga kitambaa yake ya kichwa. "Ni kweli," alisema. "Ni ile njo inaniogopesha."

Nilipenda sana kusifiwa, niseme tu kweli. Sikuwahi kuona mutu ananisifu ju ya kitu ya kichwa yangu tangu nipate diplôme. Na nilibapenda Baoru pia. Hawakukuwa babaya. Nilikuwa nimebaelewa mupaka ndani, na nilifikiri kuelewa batu ni kitu ya muzuri tu, haina upande ingine.

Kisha, siku ya ine ya ile juma, mama mudogo alipiga simu toka Mulekera. Mama yangu alikuwa anachagua maharagi. Nilisikia tu sauti ya mama mudogo mu téléphone, nguvu sana: "Amefika! Amefika, eko hapa, ninamugusa!" Basoldats balimutosha mu pori pamoja na bengine, balimufikisha Beni, bakamupima ku hôpital, bakamuuliza maulizo siku mingi, kisha bakamuacha aende kwa jamaa. Mama alikimbia mu avenue bila viatu. Alikuwa anapiga kelele jina ya Yaya, na batu balikuwa banatoka ku milango, banamuangalia, ju hapa hakuna mwenye anajua ile jina ni ya nani.

"Eko na mutoto ku mugongo," mama mudogo alisema kisha, na sauti ya chini. "Wa kiume. Hajaanza kuikala."

Kufika saa kumi, avenue yote ilikuwa inajua, hata ya mutoto. Bailleur wetu, mwenye nyumba, tunaikala naye mu parcelle moja, alikuja na kofia mu mukono. Hakuikala. Alisema ati yeye hana neno, lakini kule kwenye alitoka aliona: mutu anarudi, batu banashangilia, kisha bale ba pori banafuata njia yake mupaka ku nyumba. Alisema tu kama huyu binti anaingia mu parcelle, sisi bote tutafute fasi ingine.

Baba aliita baba mukubwa. Baliikala mu salon. Baba anauzishaka mbao, mikono yake inanuka sève, utomvu ya muti, kila siku, na ile jioni alikuwa anaziangalia zile mikono sawa ziko za mutu mwingine. Batoto badogo balitumwa inje. Mama alisimama ku mulango ya jikoni, na sahani ya maharagi bado mu mukono. Baba mukubwa alisema mambo mingi yenye inazunguka. Kisha baba aliniangalia mimi.

"Weye njo mukubwa sasa mu nyumba. Umesoma kupita sisi. Sema."

Sijawahi kuulizwa. Kwetu bakubwa bakiikala, musichana analeta chai. Na mimi, ile ulizo ilinipata na majibu iko tayari mu kinywa, imepangwa, imejaribiwa siku ya yenga tatu. Nilisema. Nilisema hapa nyuma yetu kuko badogo batano. Nilisema hatujue nani anamufuata, na yeye mwenyewe hawezi kujua. Nilisema si chuki. Nilisema tumutumie chakula na nguo kwa mama mudogo, asikose kitu, lakini asikuje, mupaka tuone. Nilisema mwenye kufungua ju ya mumoja anasahau bale benye habalie ku mulango.

"Ni yaya yako," mama alisema. Njo ile tu.

"Mama, ni ju ninamupenda njo ninasema hivi."

Na pale niliisikia. Ile neno ilitoka na kutetemeka kwake kule kule, fasi ile ile. Niliangalia baba mukubwa, nikaona anatikisa kichwa. Nilipashwa kusimama ile saa, kusema hapana, ngojeni, hii haikukuwa ya huku. Sikusimama. Balikuwa bananiangalia sawa mutu mukubwa. Baba alipumua, mabega yake ikashuka, na aliniambia: "Aksanti." Baba yangu hajawahi kuniambia aksanti.

Balipiga simu ku Mulekera na haut-parleur, bote basikie. Mama alikuwa ameisha kuingia jikoni.

Siku ya yenga yenye ilifuata nilienda kwa photocopie ju sikujua nafasi ingine ya kwenda. Rafiki alikuwa amesikia. Mu Butembo habari ya mutu mwenye anatoka pori inatembea kupita moto.

"Ulisema ile ile?"

"Ile ile."

"Mulango na batoto ba nyuma? Yote?"

"Yote."

Hakunitukana. Ningependa anitukane. Alisema pole pole: "Ku ile meza ulikuwa na sababu, mi nilikubali. Bachukuaji ni bitu ya mu kitabu tu. Yaya yako alinisuka nywele, nilikuwa na miaka kumi na mbili."

Cousin hakujua afanye nini na mikono yake. Kisha alipata wazo, eko vile, kila siku eko na wazo. "Turudilie," alisema. "Ile asubui, ile ukungu. Eko ku mulango. Unafanya nini?"

Nilisema: ninafungua. Nilitupa dé, ikatoka sita. Cousin aliongea muzuri sana, alisema mustari yote inarudi nyuma nafasi moja moja, banacheka, banamuletea mayi ya moto, Bachukuaji habakuje, ukungu inaisha. Rafiki alikuwa analia. Mimi nilikuwa ninaangalia dé. Ilikuwa na weupe yenye imeanza kutoka ku pembe. Yaya alikuwa Mulekera bado.

Jumatatu nilimufuata baba ku mbao.

"Baba, yenye nilisema ile siku, ninaitosha, muiondoe."

"Unaitosha namna gani? Haiko musumari."

"Ilikuwa ya muchezo. Niliitunga ju ya batu benye hawako."

Alikuwa anapima mbao na jicho moja. Hakugeuka. "Muchezo ao hapana, ni kweli. Bailleur anasema vile. Kaka yangu anasema vile. Uliona mbele yangu, njo tu ile."

"Baba, nilikosa."

"Haukukosa!" Alipandisha sauti, na batu ba mbao balituangalia. Kisha akaishusha. "Usiniambie ulikosa. Mimi nalala ju ya ile neno yako. Ukiitosha, nitalala ju ya nini?"

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Nilielewa kama sina tena ile neno. Iko ya baba, anaitumia, na yeye anaihitaji kupita mimi. Nilijaribu bailleur pia, nilimueleza ku kisima. Alisema mimi niko mutoto wa akili na nisiharibike.

Jana simu yangu ililia, ni numero ya mama mudogo. Nilifikiri ni yeye.

"Nasikia unalala mu kitanda yangu," sauti ilisema.

Sikuijua sauti yake. Ilikuwa imeshuka, imekauka. Nilikaa chini ku ngazi.

"Yaya."

"Na bado unapiga teke mu usingizi? Ile kitanda ilikuwa na muti mumoja yenye imevunjika."

"Baba aliitengeneza."

"Ah. Basi muko muzuri." Nilisikia mutoto ananung'unika karibu na simu, na yeye anamutuliza kwa Kinande, maneno yenye mama alikuwa anatuimbia. Kisha: "Bwana ya mama mudogo anatupatia mupaka kesho kutwa. Si mutu mubaya. Batu ba avenue banatosha batoto yabo mu njia nikipita, na yeye eko na batoto pia. Donc naenda Mutwanga, kwa koko."

"Yaya, hapana. Kule banaingiaka bado."

"Najua benye kuingia. Ninajua hata majina yabo." Alisema ile sawa mutu anasema anajua bei ya chumvi. "Koko macho yake imeisha. Hataona huyu mutoto anafanana na nani. Itakuwa muzuri."

Sikupata neno. Mimi mwenye kinywa.

"Niulize kitu moja," alisema. "Baba namujua, hawezi kukata neno peke yake. Mama namujua. Nani alisema nisikuje?"

Nilikuwa na ngazi chini yangu, na mayi ya jikoni inapita pembeni ya mguu, na siafu mistari mbili. Niliangalia ile yote muzuri.

"Ni bakubwa," nilisema. "Baba mukubwa."

"Nilifikiri vile," Yaya alisema. "Bon. Unité ya simu inaisha. Salimia badogo. Wasingya."

Wasingya, aksanti, kwa Kinande. Juma mbili, aksanti mbili, na zote ju ya kitu yenye nilifanya.

Sasa ni saa kumi na moja, siku ya yenga, na bamama ba sala beko mu salon banaimba, banangojea niingie. Nimesikia mama anabaambia ati muchezo yenyewe tayari ameichoma. Ni kweli, niliona majivu ku nyuma ya choo: kitabu, cahier ya Baoru, yote. Cousin ataweza kuprinta ingine. Sina hasira. Sijisikie pia mwepesi, sawa mama anafikiri.

Nimefikiri namna zote. Kumuleta Yaya hapa haiwezekane: bailleur atatufukuza bote, badogo watalala wapi. Kumuzuia asiende Mutwanga, ni nani mimi nimuzuie, na nimupeleke wapi? Rafiki aliuliza baba yake kama anaweza kumupatia chumba ku dépôt yabo ya Beni, baba yake akasema hapana, mbele hata amalize. Tulienda kuona père, padiri wa paroisse, akatuombea. Hakuna mulango. Nimezihesabu.

Kunabaki kitu moja, na haitasaidia mutu. Kesho asubui baba ya rafiki eko na camion yenye inapanda Beni, chauffeur amekubali niikale mbele. Nitatoka mbele mama aamuke. Nitashuka Mulekera, nitamutafuta kwa mama mudogo, na nitamuambia na kinywa yangu, nikimuangalia mu macho, kama si baba mukubwa, ni mimi, na nilisema nini, neno kwa neno. Sitaomba anisamehe, ile itakuwa tena kumupatia kazi. Akinifukuza, nitaenda. Akinyamaza, nitabaki nimesimama. Nimeisha kuweka viatu ku mulango ya nyuma, na kikwembe ya bleu nimeikunja mu sachet, nimurudishie.